Ufugaji Bila Kushika Kifaranga

Ukikaa jioni mahali popote Kilosa mjini, au stendi ya Mikumi mabasi ya Mbeya yakipita, hutakosa kumsikia mtumishi aliyechoka na kazi yake. Mshahara hautoshi, mkubwa wake hamsikilizi, na kituo chenyewe alipangiwa tu. Muulize angependa kufanya nini. Wengi watakujibu: kufuga, au kulima. Si ajabu, maana tumezungukwa na mashamba, na pale Ilonga kuna chuo cha kilimo na kituo cha utafiti. Mimi pia nina ndoto hiyo, na mwenye ndoto kama yangu anaweza kudanganyika kwa urahisi. Ndiyo maana naomba tukitazame upya kisa cha Mr. Kuku.

Mr. Kuku Farmers ilikuwa kampuni iliyokuwa na makao Dar es Salaam. Ahadi yake ilikuwa hivi: wewe leta fedha, sisi tutakufugia kuku. Baada ya miezi minne utapata faida ya asilimia 70, na ukivumilia hadi miezi sita, asilimia 90. Watu wakaleta. Mashtaka yalieleza kwamba kati ya mwaka 2018 na 2020 zilikusanywa shilingi zipatazo bilioni 17. Mwaka 2020 mkurugenzi wake, Tariq Machibya, alifikishwa Mahakama ya Kisutu, akakiri kuendesha biashara ya upatu na kupokea amana za watu bila leseni. Alitozwa faini, na mahakama ikaamuru shilingi zaidi ya bilioni 5 zitaifishwe.

Dalili zilikuwepo, na hazikuwa za kuhitaji mtaalamu. Ya kwanza ni ile faida yenyewe, iliyotajwa kabla kifaranga hakijaanguliwa. Aliyewahi kufuga anajua kwamba ugonjwa wa kideri unaweza kuingia bandani usiku mmoja, na kabla ya wiki kwisha huna kuku. Gumboro nayo ipo. Bei ya chakula hupanda bila kukuaga, na chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya gharama za kuku wa nyama. Mtu anayekuahidi asilimia 70 kana kwamba kideri hakipo, fedha yake ataitoa wapi kama si mfukoni mwa atakayekuja baada yako?

Ya pili, tulikuwa tumeshaonywa. DECI, upatu mwingine, ilikuwa imepita mwaka 2009, watu "wakipanda mbegu" wakisubiri kuvuna, mpaka serikali ikaisimamisha na viongozi wake wakashtakiwa. Miaka kama kumi tu baadaye, maneno yakabadilika kutoka mbegu kuwa kuku, nasi tukasikiliza tena. Na kuhusu leseni, swali moja kwa Benki Kuu lingetosha.

Lakini dalili ninayotaka tukae nayo zaidi ni nyingine, nayo haihusu hesabu. Katika mpango wote ule, mwenye fedha hakutakiwa kujua kufuga. Hakutakiwa kuamka usiku kuongeza mkaa kwenye jiko la vifaranga, wala kugeuza maranda yaliyolowa, wala kuvumilia harufu ya banda masika. Aliambiwa atakuwa mfugaji akiwa amekaa kwake. Kwa mtu aliyechoka na ofisi hilo linavutia sana, na naielewa nguvu yake. Ila jamani, aliyekuondolea kazi yote kwenye kazi uipendayo amekuachia nini cha kupenda? Pale hapakuwa na ufugaji uliokuwa ukiuzwa. Palikuwa na njia ya kuepa uchovu, na uchovu humfanya mtu asiulize bei.

Kosa hilo halihusu kuku peke yake. Vijana wa huku wanakua wakiiona Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na barabara kuu inapita katikati yake, tembo na twiga unawaona kutoka dirishani mwa basi. Kijana anasema anapenda kazi ya uhifadhi. Anachokipenda ni twiga. Kazi ya askari wa hifadhi ni doria ya miguu porini, siku nyingi mbali na nyumbani, na kwenda usiku kijijini ambako tembo wameingia kwenye mahindi na wenye shamba wana hasira. Wapo wanaoipenda hata hivyo, tena kwa dhati. Hao ndio wakae huko.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeandika barua ya kuacha kazi na kuihifadhi kwenye droo, iache humo kwanza. Ukijiuzulu mwenyewe, usitegemee fao la kukosa ajira la mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa kuwa fao hilo ni la aliyepoteza kazi bila kupenda. Badala yake, chukua likizo yako ya mwaka. Sheria ya ajira inakupa siku 28. Nunua vifaranga 50, si 500, kwa fedha ambayo ikipotea watoto watakula. Walee mwenyewe. Kuku wa nyama huchukua wiki tano au sita, hivyo katika siku hizo 28 utakuwa umepita sehemu ngumu: usiku wa joto la mkaa, chanjo, vifo vya kwanza, na mfuko wa chakula unaoisha kabla ya siku uliyopanga. Andika kila shilingi. Mwenye duka la pembejeo mweleze ukweli na umuulize maswali yote. Siku ya mwisho ya likizo, kabla hujarudi ofisini, jiulize kama ungependa kuamka tena saa tisa usiku kesho kwa ajili ya vifaranga wengine 50.