Je, Ujuzi Unaihalalisha Poka?



Wapo kati yetu wanaokataa kubeti mpira kwa kuwa ni kamari, lakini usiku wanacheza poka ya pesa kwenye simu. Wanasema poka si bahati, ni hesabu. Chukua mfano wa mtu aliyegawiwa nane mbili, jozi ya wastani. Zikifunuliwa karata tatu za kwanza mezani, uwezekano wa kutokea walau moja kubwa kuliko nane ni takriban asilimia 87, na wa kupata nane nyingine ni takriban asilimia 12 tu. Asiyejua huing'ang'ania jozi yake. Mjuzi hupima dau, idadi ya wapinzani na namna wanavyocheza, kisha hutupa karata na kusubiri mgao mwingine.

Ujuzi huo upo kweli. Mwaka 2017 programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, iliwashinda mabingwa wanne wa poka katika migao 120,000. Bahati peke yake haifiki huko.

Lakini je, ujuzi unaiondoa kamari? Kupiga mshale ni ujuzi mtupu, na Mtume (s.a.w.) aliruhusu zawadi katika mashindano ya mishale, farasi na ngamia. Hata hivyo, wanavyuoni wengi wa fiqhi walisema kwamba washindani wawili wakiweka dau wote ili mshindi achukue lote, hiyo ni kamari, isipokuwa aingie wa tatu asiyeweka kitu na mwenye uwezo wa kushinda. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim hawakumshurutisha huyo wa tatu, lakini walizungumzia mashindano yenye manufaa kwa dini, si karata. Basi ikiwa mpiga mshale hakuachwa huru kwa sababu ya ujuzi wake, mcheza poka ataachwaje?

Tuangalie pia pesa zinatoka wapi. Katika biashara, muuzaji hupata pesa na mnunuzi hupata bidhaa. Katika poka hakizalishwi kitu: unachoshinda kimetoka kwa mwenzako wa meza ile, na mwenye mtandao amekwisha kata chake. Mjuzi basi anakula kwa nani? Kwa yule asiyejua kutupa jozi yake, ambaye huenda ni mwanafunzi aliyeweka ada ya muhula. Kadiri ujuzi unavyozidi, ndivyo mnyonge anavyozidi kuliwa. Ukisema ameridhia mwenyewe, kumbuka kwamba hata mkopaji wa riba huridhia.

Qur'ani haikukana kwamba kamari ina manufaa. Al-Baqara, aya ya 219, inayataja, kisha inasema dhambi yake ni kubwa zaidi. Al-Maida, aya ya 90 na 91, inatuamuru kuiepuka, na inataja uadui, chuki na kuzuiwa na swala. Haikumtoa mchezaji hodari.

Ndugu yangu unayependa hesabu za uwezekano, kipaji hicho kinahitajika katika tiba, kilimo na takaful. Kipeleke huko, na programu ya poka uifute leo.

Wallahu a'lam.