Sadaka na Uvumi wa Mtaa

Dini zinazoamuru sadaka zimelazimika kujibu swali gumu: je, mtoaji ana haki ya kumchunguza mwombaji kabla ya kumpa? Hadithi fupi za mwandishi wa Kicheki Jan Neruda (1834–1891) zinaliweka swali hilo mahali linapouma zaidi, katika mtaa ambamo watu wote wanajuana. Neruda alikulia Malá Strana, mtaa wa kale wa Prague chini ya ngome ya wafalme, ambako baba yake alikuwa na duka dogo. Kitabu chake Povídky malostranské, kilichotoka mwaka 1878, kimejaa watu wa mtaa huo: wapangaji, wenye maduka, wazee wasiosemezana ingawa wanakaa meza moja.

Mmoja wao ni Vojtíšek, ombaomba mzee, msafi na mwenye adabu, anayejulikana kila nyumba na asiyenyimwa na mtu. Ombaomba mwingine, mwanamke, anamwendea akitaka waungane, lakini mzee hakubali. Punde habari inazagaa kwamba Vojtíšek ni tajiri, ana nyumba mbili, na binti zake wanaishi kitajiri. Milango inafungwa mmoja baada ya mwingine. Asubuhi moja ya Februari anakutwa amekufa kwa baridi, na ndani ya koti hana hata shati. Katika hadithi nyingine ya kitabu hicho, muuza unga mgeni aitwaye Vorel anafilisika na kujinyonga baada ya mteja mmoja kutangaza kwamba unga wake unanuka tumbaku.

Jambo zito katika hadithi ya Vojtíšek ni kwamba mtaa haumchukii. Hakuna aliyemtakia kifo, wala hakuna aliyeomba kuonyeshwa hizo nyumba mbili. Uvumi uliwapa watu ruhusa ya kubaki na senti zao huku dhamiri zikiwa zimetulia, na ruhusa ya namna hiyo hupokelewa haraka kuliko ushahidi wowote. Neruda hahubiri. Anaeleza tu yaliyotokea, na kwa sababu hiyo hukumu inamwelemea msomaji mwenyewe.

Uislamu unaligusa jambo hili kwa pande mbili. Kwanza ni ulimi: Sura ya Hujurat, aya ya 12, inalinganisha kusengenya na kula nyama ya ndugu aliyekufa, na hadithi ya Mtume iliyopokewa na Imamu Muslim inaeleza kwamba kumsema mtu kwa la kweli analolichukia ni kumsengenya, na kwa la uongo ni kumzulia. Pili ni mkono. Zaka ina mafungu manane ya wanaostahiki, yaliyotajwa katika Sura ya Tawba, kwa hiyo anayeigawa hana budi kuuliza. Sadaka ya hiari ina mlango mpana zaidi. Imamu Bukhari amepokea habari za mtu aliyetoa sadaka usiku mara tatu, ikaangukia kwa mwizi, kwa mwanamke mzinifu na kwa tajiri, watu wakaanza kumsema. Akaambiwa kwamba huenda mwizi akaacha wizi, mwanamke akaacha zinaa, na tajiri akapata funzo la kutoa.

Katika Ukristo, Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asipewe chakula, na wengi wamelitumia neno hilo kufunga mkono. Yohana Krisostomo, akihubiri Antiokia mwishoni mwa karne ya 4, alishika njia nyingine. Alimfananisha mtoaji na bandari, ambayo huwapokea wote waliovunjikiwa na chombo bila kuuliza nani mwema na nani mwovu.

Mfano huo wa bandari unatupeleka Port Bell. Bandari hiyo ya Kampala, Uganda, iko Luzira kwenye Ziwa Viktoria. Meli zimeiunganisha na Kisumu na Mwanza. Kando yake kuna kiwanda cha bia, gereza kuu, wavuvi na wauza mukene, yaani dagaa. Malá Strana ilimwangamiza mtu iliyemjua. Mtaa wa bandari una jaribu lingine: mgeni hana wa kumtetea, hivyo neno la kwanza kusemwa juu yake ndilo linaloshika.

Katika jiji hilohilo, swali la kumpa nani limeingia hata kwenye sheria. Mwaka 2019 jiji la Kampala lilileta sheria ndogo ya kuwalinda watoto, inayokataza kuwapa fedha au chakula watoto walioko mitaani. Wengi wao wanatoka eneo la Karamoja, na hoja ya jiji ni kwamba sarafu ya barabarani huishia kwa watu wazima wanaowatumia. Hoja hii ina uzito kwa kuwa biashara ya kuwatumia watoto ipo kweli. Haifanani na zile nyumba mbili za Vojtíšek. Lakini sheria inamkataza mtu kutoa barabarani tu, haimfutii wajibu wa kutoa. Anayempita mtoto kwa kufuata sheria bado anadaiwa, na deni hilo lina pa kulipwa: kamati ya zaka ya msikiti, parokia, makao ya watoto. Alipe huko, na alipe mapema.