Maji ya Kumwaga

Karibu kila mapishi ya spageti utakayoyakuta mtandaoni yanaanza vivyo hivyo: chemsha maji mengi, tia chumvi, pika dakika 10, mwaga maji. Kanuni ya Wataliano ni lita 1 kwa kila gramu 100. Pakiti ya nusu kilo basi inataka lita 5, na nyingi zinaishia kwenye sinki. Halafu anayefundisha anatabasamu na kukuambia ni rahisi, mtu yeyote anaweza.

Mtu yeyote nani?

Chukua Banissa. Iko Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia, nchi ya ngamia na mbuzi. Kiangazi kikikaza, watu hutegemea mabwawa ya kuchimbwa, na mabwawa yakikauka hungojea lori la maji. Mtungi wa lita 20 hapo una mgongo ulioubeba, wa punda au wa msichana. Lita 5 ni robo ya mtungi. Mwambie huyo msichana kwamba robo ya safari yake ni ya kulainisha tambi kisha kumwagwa, uone atakavyokutazama.

Na spageti Banissa inaliwa, bana. Wanaiita baasto, na mchuzi wake wa nyama na nyanya ni suugo, maneno mawili ya Kitaliano yaliyokaa kwenye Kisomali mpaka yakasahau kwao. Italia ilitawala kusini mwa Somalia hadi 1941, ikarudi tena kwa idhini ya Umoja wa Mataifa kati ya 1950 na 1960. Upande huu wa mpaka alikuwa Mwingereza, lakini mpaka wenyewe ulikuwa unahamahama: mwaka 1925 Uingereza iliitoa Jubaland, na Kismayu yake, kwa Italia kama mtu anayempa jirani kiti. Watu, mifugo na sufuria viliendelea kuvuka. Kando ya sahani ya baasto huwekwa ndizi, na hiyo ndizi nayo ina yake: mashamba ya ndizi ya Waitaliano kwenye mito Juba na Shabelle yalilimwa na watu waliolazimishwa.

Hapa ndipo mabishano ya mjini huanza. Mmoja atasema hicho si chakula cha Kisomali, ni cha mkoloni. Mwingine atajibu kwamba chakula hakina mwenyewe, tule tu. Wote wawili naona wamekimbilia jibu la haraka. Ukifuata asili hutabaki na kitu mezani. Nyanya ya Mtaliano ilitoka mabara ya Amerika, na mahindi ya ugali wetu yalitoka hukohuko. Sambusa ina jina la Kiajemi, chapati ya Kihindi. Hata xawaash, ule mchanganyiko wa binzari nyembamba, giligilani, iliki na pilipili manga (hiyo x isome kama h nzito ya Kiarabu), una ndugu yake Yemen. Lakini huyu wa pili naye anasahau kwamba kuna aliyeuchagua ulimwengu kwenye sahani yake, na kuna aliyemiminiwa.

Swali ninaloona lina uzito ni jingine: chakula cha ugenini kinakuwa chako lini? Nilikaa chuoni chumba kimoja na jamaa wa Banissa. Tulikuwa na bomba, tena la maji ya bure, lakini siku zote alipika baasto kwa maji kidogo. Alikaanga nyama, akatia nyanya, akavunja tambi katikati na kuzizika ndani ya mchuzi. Nilimwambia Mtaliano akikuona atalia. Akasema, “Alie hukohuko, machozi ni maji pia.” Nadhani jibu lilikuwa pale kwenye sufuria kuliko kwenye utani. Hakuna Mtaliano aliyemruhusu kuvunja tambi, na hakuomba ruhusa. Chakula kilikuwa kimefika mahali penye uhaba, na uhaba ukakipika upya. Mkono uliofanya hivyo, mimi naona, una haki ya kukiita chake. Haufuti aliyolazimishwa mkulima wa Shabelle. Ila madai ya mkoloni juu ya hiyo sahani yameisha.

Lile neno rahisi sasa linaonekana vizuri zaidi. Hakuna chakula kilicho rahisi chenyewe. Kinarahisishwa na bomba, gesi, duka lililo chini ya ghorofa, na kijana wa pikipiki. Anayeandika mapishi amehesabu viungo, hakuhesabu kupika.

Na kosa hilo si la wapishi wa mtandaoni peke yao. Kwa miaka mingi msaada uliofika kaskazini mashariki ulikuwa magunia: mahindi makavu, maharage, dengu za manjano, na mafuta ya kopo. Aliyeyatuma alihesabu kalori barabara kabisa. Lakini mahindi makavu na maharage yanachemka saa mbili, tatu, na kila saa inakula kuni na maji. Mama anapewa chakula, halafu anadaiwa msitu na bwawa. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikatika mfululizo katika Pembe ya Afrika. Fikiria gunia la maharage jikoni mwa mtu ambaye lori lake la maji halijafika.

Baadaye ulikuja mpango wa HSNP wa kuwatumia watu pesa, ulioanzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, na hapo ikazuka ile minong'ono unayoijua: eti mtu anapewa pesa ya njaa anaenda kununua spageti? Ndani ya swali hilo kuna imani kwamba maskini anastahili kushiba ila hastahili kupendelea. Ukipenda kitu, basi huna njaa ya kutosha. Mimi siikubali, hata kama spageti ingekuwa anasa tupu. Lakini piga hesabu kwanza. Tambi zinaiva kwa dakika 10. Zikipikwa ndani ya mchuzi, nusu kilo inatosheka na lita 1 na ushee, na hakuna tone linalomwagwa. Hazihitaji kulowekwa usiku kucha, na haziozi zikikaa wiki tatu kwenye gunia juu ya ngamia. Anayezichagua anaweza kuwa ndiye mtu aliyefikiri kuliko wote kwenye mnyororo huo, kuanzia bandarini.

Unaweza kuniuliza, sasa nisimwage maji Nairobi kwa sababu Banissa ni kukavu? La. Lita zako 5 haziendi Mandera ukizihifadhi, na huruma ya kufunga bomba kwa dakika moja ni ya kujifurahisha. Kinachodaiwa ni kidogo, ila kinasumbua zaidi: ukijifunza chakula kwa mtu, kiite kwa jina alilokupa, na usiite rahisi kabla hujajua kilimgharimu nini.

Jina lake ni baasto. Nusu kilo ya nyama, ikatwe vipande vidogo kama kucha, ikaangwe na vitunguu viwili na kitunguu saumu hadi ikauke. Kijiko kimoja cha xawaash, nyanya nne, nyanya ya kopo kidogo, chumvi. Mchuzi ukishakuwa mzito, ongeza lita 1 ya maji, uchemke, vunja tambi katikati na uzizamishe. Koroga kila mara zisishikane. Zikikauka kabla hazijaiva, nyunyizia maji kwa kikombe, usimimine. Ndizi mbivu unaimenya mwishoni, kama lori limefika.