Ukoka na Maua ya Mwitu

Watu wengi hudhani kuwa unadhifu na wema ni ndugu wa tumbo moja. Uwanja uliofyekwa sawasawa husifiwa, na penye majani marefu huitwa makao ya wavivu. Ni kweli kuwa nyumba chafu ni aibu ya mwenyewe. Lakini yafaa tuulize kama ardhi nayo huchafuka kwa kuota maua.

Katika Chuo cha King's, mjini Cambridge, Uingereza, uko uwanja wa ukoka ulioanza kutunzwa mwaka 1772. Baada ya karne mbili na nusu hivi za kunyolewa, sehemu yake iligeuzwa ikapandwa maua ya mwitu, nayo yalichanua mwaka 2020. Mbegu zilizopandwa zilikuwa za aina 33. Wataalamu walipotoa hesabu yao mwaka 2023, walikuwa wamekuta mimea ya aina 84. Mingi ilikuja yenyewe, bila kualikwa. Aina za mimea, buibui na wadudu zilizidi zile za ukoka zaidi ya mara tatu, na popo walipita juu yake mara tatu kuliko walivyopita juu ya ukoka. Viumbe hao wote hawakuhitaji ila nafasi.

Asemaye kuwa majani marefu huficha nyoka hasemi uongo. Mkulima apaliliaye mahindi naye hana kosa, maana gugu humnyang'anya chakula cha watoto wake. Lakini katika ukoka wa mapambo gugu halimwibii mtu kitu, isipokuwa fahari. Tukumbuke kuwa gugu si jina la mmea. Ni hukumu ya mwenye jembe, na kila hukumu hutaka sababu.

Wala kupunguza kazi si uzembe. Konde la maua hayo hukatwa mara moja kwa mwaka, mbegu zikiisha kukomaa, na majani yaliyokatwa huondolewa. Kwa kuwa udongo ukinona mno, nyasi zenye nguvu huyasonga maua. Mvivu haijui siku ya kukata. Mwenye busara huijua, akaingoja.

Ewe mwanafunzi, nawe washika fyekeo katika uwanja wa shule. Njia na ziwe wazi, kiwanja cha mpira kiwe na nyasi fupi, na karibu na mabweni pasiwe na maficho. Lakini ikiwapo pembe isiyopitwa na mtu, kuifyeka kila juma ni kutoa jasho ili kuondoa uhai usiomdhuru yeyote. Iacheni pembe hiyo kwa maua ya nchi yetu wenyewe, nyuki na vipepeo wapate riziki. Nguvu hujulikana kwa kile inachokiangusha. Busara hujulikana kwa kile inachokiacha kisimame.