Watakatifu Si Udhuru Wetu

Mara nyingi twasikia Wakristo wakisema, "Wale walikuwa watakatifu, sisi ni watu tu." Maneno hayo yafanana na unyenyekevu, kumbe ni udhuru. Twamsifu mtakatifu ili tusilazimike kumfuata.

Tumtazame Mtakatifu Yosefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, nchini Sudan, akaibwa angali mtoto, akauzwa mara kadhaa, akapigwa na kuchanjwa mwili. Alibatizwa mwaka 1890 huko Italia, akawa mtawa. Katika mji wa Schio alipika, alishona, alitunza sakristia na kuwafungulia watu mlango. Alifariki mwaka 1947, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II akamtangaza kuwa Mtakatifu.

Je, katika kazi hizo kuna lisilowezekana nyumbani kwetu? Jiko tunalo, sindano tunayo, mlango tunao. Gumu ni hili: alisema kwamba kama angekutana na waliomteka, angepiga magoti na kuibusu mikono yao. Nasi tunaye ndugu tusiyemwamkia tangu tulipogawana shamba la baba!

Wala kusamehe si kuikubali dhuluma. Mwaka 1889 Bakhita alikataa kurudi Afrika na bibi aliyemtumikisha, na mahakama ikatamka kuwa yu huru. Alidai haki yake, lakini hakuweka kisasi moyoni.

Basi, jioni ya leo, kabla ya kusali Rozari, kila nyumba ijiulize: ni nani tuliyemfungia mlango? Tukamfungulie.