Legezeni Mkanda wa Pua

Wanangu masaisi, nanyi vijana mnaopanda, neno hili nimelisema mpaka nimechoka, na leo nalirudia taratibu, kwa sababu bado nakuta matobo mapya kwenye mikanda ya pua. Matobo ya fundi wa ngozi hayamtoshi mtu, anachukua msumari anaongeza lake.

Mkanda ule una kazi yake, sikatai. Kwenye polo ndio unaofungiwa ukanda wa kifuani, ule unaomzuia farasi asimrushie mpandaji kichwa usoni. Lakini kazi yake halali yote hufanyika ukiwa na nafasi ya vidole viwili vya mtu mzima. Na vidole hivyo pitisheni juu, kwenye mfupa wa pua. Msipitishe shavuni penye nyama laini, maana pale hata mkanda uliobana utaona kama una nafasi.

Taya la juu la farasi ni pana kuliko la chini, ndiyo maana magego ya juu huota ncha kali upande wa shavu. Ukikaza, unalisukuma shavu kwenye ncha hizo, na ulimi nao unakosa pa kujisogeza chini ya lijamu. Mkanda ukishuka mno unabana sehemu laini ya pua, na farasi hawezi kuvuta pumzi kwa mdomo. Unaonitia uchungu zaidi ni ule unaopita kwenye pete kisha unarudi ulikotoka. Unavuta kidogo tu, kwa mkono mmoja, na kichwa kizima kimebanwa, wala mkono wako haukuambii umekaza kiasi gani.

Msidhani ni shida ya huku kwetu peke yake. Mwaka 2017 watafiti walichapisha walichopima kwa farasi 750 wa mashindano huko Ireland, Uingereza na Ubelgiji: asilimia 44 mkanda haukupitisha hata kidole kimoja, na wenye nafasi ya vidole viwili walikuwa asilimia 7 tu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Australia, walijaribu kwa farasi 12. Mkanda ulipokazwa pasiwe na nafasi, moyo ulienda mbio na kutafuna kukakoma. Ulipoondolewa, wakawa wanameza na kupiga miayo kuliko kawaida yao. Miayo hiyo mnaiona kila mnapovua hatamu, na nawasikia mkisema farasi ana usingizi. Hana usingizi, wanangu. Taya lilikuwa limefungwa.

Tangu Mei 2025 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi limeweka kipimo maalumu cha kupitisha chini ya mkanda kwenye mashindano yake. Nashukuru, ila kipimo hicho hakiji zizini kwetu saa kumi na mbili asubuhi.

Najua mnavyobanwa. Mwenye farasi anataka mdomo ufumbe ili mwamuzi asipunguze alama, na akisema kaza, saisi anaogopa kibarua chake. Basi mjibuni kwa adabu: mdomo ukifunguka, tuangalie kwanza meno, lini mara ya mwisho yalipigwa tupa. Tuangalie lijamu, isije ikawa nene mno kwa mdomo ule. Kisha tuangalie mikono ya mpandaji, na hapo ndipo mara nyingi kuna maneno. Mkono unaovuta bila kuachia, farasi atautafutia pa kuukimbilia, na mdomo ndio mlango alio nao. Ukiufunga, maumivu yamebaki palepale, ila wewe huyaoni tena.

Jioni ukifungua bizimu, usikimbilie ndoo ya maji. Papasa mfupa wa pua na chini ya taya kwa vidole. Ukikuta manyoya yamekatika, uvimbe au ngozi iliyokunjamana isiyorudi, au damu kwenye povu la pembe ya mdomo, kesho asivishwe mkanda ule, na daktari wa mifugo aitwe. Mwenye farasi akikasirika, mlete kwangu nizungumze naye.