Bomba la Moshi na Haki ya Jirani

Mtu anunuapo gari kwa jasho lake, gari hilo ni mali yake. Akiliinua kwa jeki uani kwake, Mwananyamala au Tandika, akafungua bomba la moshi la kati na kutia jingine kwa mikono yake mwenyewe, amefanya kazi ya halali na ya heshima. Kukijua chombo ni sehemu ya kukimiliki.

Lakini bomba lina ncha mbili. Moja imeshikana na injini, na injini ni ya mwenye gari. Ya pili hufunguka hewani, na hewa ni ya wote. Katika magari mengi bomba la kati hubeba kasha la kupunguza sauti, na katika mengine masega yapunguzayo sumu ya moshi. Vitu hivyo vikiachwa chini, gari hunguruma. Kinondoni na Temeke nyumba nyingi zimesongamana. Ngurumo ya saa nane za usiku humwamsha mtoto mchanga, mgonjwa, na mchuuzi atakayedamka kwenda sokoni.

Husemwa kuwa kila mtu ni huru nyumbani kwake. Ni kweli, na aliyelala naye yuko nyumbani kwake. Tanzania iliweka kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo mwaka 2015, lakini askari hasimami katika kila kichochoro. Pale ambapo sheria haifiki, utu hauna budi kufika. Fundi mwema hukaza nati, huwasha injini, kisha husikiliza kwa sikio la jirani.